Walk Hard inaanza kwa kishindo, mbona inapoa katikati?

Mdau wa Filamu:
Wakuu, naomba msaada kuhusu Walk Hard (2007) ya Jake Kasdan, filamu ya kudhihaki filamu za wasifu wa wanamuziki, ile John C. Reilly anaigiza mwanamuziki wa kubuni Dewey Cox. Nusu saa ya kwanza mbavu huna. Baadaye inakuwa vichekesho vifupi vilivyoungwaungwa. Tatizo ni uandishi, uhariri, au toleo? Naandika mswada wa dakika 10 wa kudhihaki filamu za aina hiyo, sitaki uangukie shimo hilohilo.

Kinanda:
Mkuu, toleo linachangia. Lililopita kwenye majumba ya sinema ni dakika 96, lile refu la DVD linafika 120. Tafuta fupi.

Ila hata fupi linalegea. Linafuata njia ya Ray (2004), kuhusu mwanamuziki Ray Charles, na Walk the Line (2005), kuhusu mwimbaji Johnny Cash: utoto hadi uzee, na filamu hizo zenyewe hulegea shujaa akishakuwa maarufu: dawa za kulevya, ndoa kuvunjika, kupona. Ukiiga mifupa ya mtu, unarithi na maradhi yake.

Angalia mwanzo unavyofanya kazi. Walk the Line inaanzia gereza la Folsom: Cash yuko karakana, kidole kwenye meno ya msumeno, bendi inamngoja. Kaka yake Jack alikufa 1944 kwa ajali ya msumeno. Kwa Dewey, kijana wa jukwaani anamtafuta, naye kainamisha kichwa ukutani. Mpiga ngoma wake anasema aachwe kwanza, lazima awaze maisha yake yote kabla ya kuimba. Msumeno umegeuka panga, kaka anakatwa vipande viwili kiunoni, na bado anaongea kwa utulivu. Nyuma ya kila kichekesho kuna kitu halisi. Wakifika India kwa Beatles, kilichobaki ni watu wanaotajana majina.

Mkata Picha:
Nakubali kuhusu India, lakini usisahau nyimbo. Reilly anaimba mwenyewe, na "Black Sheep" imetungwa na Van Dyke Parks, yuleyule aliyeandika na Brian Wilson wa Beach Boys nyimbo za albamu ya Smile. Ndiyo maana kipande cha Dewey kurekodi wimbo huo studio kinakaa sawa. Kwenye mswada wako wimbo uwe mzuri kweli, upotoke kwenye maneno tu. Beti moja na kiitikio, kisha kata. Ukiuacha wote, watu wanaanza kusikiliza muziki na kicheko kinazima.

Kichekesho cha kurudiwa nacho kina kanuni yake. Dewey anamfuma Sam, mpiga ngoma, akitumia dawa chooni. Sam anamfukuza kwa maneno yaleyale, ila dawa inabadilika, na kila onyo linaishia kuwa sifa ya dawa hiyo. Kilichobadilika ni kimoja, vingine vimebaki palepale. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, mtazamaji hatambui kwamba ni marudio.

Mdau wa Filamu:
Je, mwigizaji afanye vituko usoni?

Kinanda:
Hapana kabisa. Reilly alikuwa na miaka zaidi ya 40, anaigiza mtoto wa miaka 14, na ndani ya filamu hakuna anayeshtuka. Akikonyeza kamera mara moja tu, umekwisha. Nywele za bandia za ajabu pia ziache.

Kwa urefu, kurasa 10 ni kama dakika 10. Nyuma ya jukwaa na msiba wa utotoni usizidishe kurasa tatu. Halafu chagua enzi moja ya muziki, moja tu, uipe kurasa tano nzima. Walk Hard inaruka kutoka kumwiga Bob Dylan hadi Brian Wilson hadi kipindi cha televisheni cha miaka ya 1970, na kila kituo kinapata mzaha mmoja kabla ya kuhama.

Mkata Picha:
Usiogope kwamba mada imechuja. Bohemian Rhapsody ya 2018 nayo inaanza na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, akielekea jukwaa la tamasha la Live Aid, kisha tunarudishwa 1970. Anzia hapo mswada wako, mlango wa jukwaa ukiwa bado umefungwa.