Msaada: Mhusika kajitokeza kwenye riwaya yangu na simjui ni nani

Kibatari:
Wakuu, habari za humu. Naandika riwaya ya ulimwengu wa kubuni, visiwa vyenye bahari inayokauka usiku. Sura ya nne kajitokeza mzee mvuvi, anauliza watu majina ya mama zao, kisha anaondoka. Simjui wala sijui anatafuta nini. Nisimame niandike kwanza historia yote ya visiwa, au niendelee? Nahofia hadithi itanishinda katikati.

Mama Nuru:
Endelea, mdogo wangu. Mwandishi Mwingereza Tolkien alianza riwaya yake The Lord of the Rings Desemba 1937 bila kujua inakoelekea. Frodo, mhusika mkuu, na wenzake wanafika nyumba ya wageni kwenye kijiji cha Bree, wanamkuta mtu wa ajabu kakaa kwenye kona. Kwenye rasimu za mwanzo alikuwa hobiti (kiumbe mfupi kama mtu, kabila la Frodo) mwenye viatu vya mbao, anaitwa Trotter! Tolkien akahangaika naye sana, rasimu kwa rasimu, mpaka akawa Aragorn, mrithi wa ufalme. Hata mpanda farasi wa kutisha anayenusanusa barabarani, mara ya kwanza alikuwa Gandalf, mchawi rafiki yao.

Kalamu ya Pwani:
Mama Nuru kasema kweli, ila kuna kazi ya kurudi nyuma. Katika The Hobbit, kitabu cha Tolkien kilichotangulia, cha 1937, pete ilikuwa ya kumfanya mtu asionekane, basi. Gollum, kiumbe aliyekuwa nayo, alikuwa radhi kuitoa zawadi. Pete ilipogeuka kuwa kitu cha kutisha kwenye The Lord of the Rings, sura ile ya Gollum haikukaa tena, ikabidi ibadilishwe kwenye toleo la 1951. Kwa hiyo weka daftari: kila anachosema au kushika mzee, andika na namba ya sura. Ramani pia ichore mapema. Safari ya siku mbili isije ikawa ya saa moja mbele huko.

Msomaji Mkongwe:
Rudia Kusadikika ya Shaaban Robert. Nchi iko angani, lakini hatuelezwi yote kwa mkupuo. Tunaijua humo humo kwenye kesi, mshtakiwa Karama akijitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine. Visiwa vyako navyo vijulikane kwa maswali ya huyo mzee.

Kibatari:
Asanteni sana. Sasa nimfiche mpaka lini?

Mama Nuru:
Msomaji mfiche utakavyo, ila wewe umjue kabla ya rasimu ya pili. Andika kurasa mbili akiwa peke yake chomboni, hata kama hazitaingia kitabuni. Halafu muulize na yeye: mama yake anaitwa nani?