Naomba ushauri: ruta ya nyumbani yenye tundu la simu ya mezani

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta ruta ya 4G ya kumwekea bi mkubwa Tanga, iwe na tundu la kuchomeka simu ya mezani. Simujanja hataki hata kuisikia. Anataka anyanyue mkono wa simu, abonyeze namba, aongee. Intaneti ni ya wajukuu wakija likizo.

Niliyoiona ni Huawei B315 ya mtumba, ina tundu la RJ11 (la waya wa simu ya mezani) nyuma. Muuzaji mmoja anaapa inapiga simu, mwingine anasema tundu ni pambo tu, eti mtandao ulioitoa uliifunga. Nani ameitumia kupiga na kupokea, siyo data peke yake?

Kingine ni laini. Najua laini ya data tupu haipigi simu hata ruta iwe nzuri vipi. Nikiweka ya kawaida yenye dakika, itapiga kwenye 4G hiyohiyo, au itashuka 3G na intaneti kudorora bi mkubwa akiwa hewani? Akimpata dada yake wa Pangani, saa nzima inakwisha.

Halafu umeme. Simu za zamani za waya wa shaba zililetewa umeme na waya uleule, hata gizani ziliita. Hii ruta ikizima, simu nayo imekufa. Kuna anayetumia betri ndogo ya volti 12? Inakaa muda gani?

Bajeti laki moja na nusu. Faiba mtaani kwake haijafika, msinipeleke huko.