Kufunga mwamba wa pweza miezi mitatu: sisi wa kwenda kwa miguu tutakula nini?

BintiPwani (Mkoani, Pemba)
Assalamu alaykum. Mie nachokoa pweza tangu nina miaka kumi na mbili. Bibi yangu ndiye aliyenionesha pango lenye mwenyewe, kwa vile vigamba vya kaa na makombe anavyovirundika mlangoni. Hela ya pweza ndiyo iliyoondoa makuti juu ya nyumba yangu ikatia bati. Kwa hiyo sisemi, kama wasemavyo wengine, kuwa hoteli za Unguja zinazonunua pweza ni balaa. Tajiri anayetununulia dikoni anapeleka huko huko, na bila ya wageni bei isingefika hapa ilipo.

Lakini pweza wanakwisha. Zamani siku moja ya bamvua, maji yanapotoka mbali sana, nikirudi na watano, sita, mmoja anajaza sufuria. Bamvua lililopita nimetembea tangu maji yanatoka mpaka yanajaa, nimepata wawili, na mmoja hakufika nusu kilo. Nilimchukua. Ningemwacha, aliye nyuma yangu angemchukua.

Sasa kamati ya wavuvi inataka tufunge mwamba miezi mitatu, asivue mtu, ili pweza wakue. Wanaume wana madau, watakwenda mbali. Sisi tuna mwamba huo huo mmoja. Alhamisi kuna kikao na nimeambiwa nisemee wanawake. Mliowahi kufunga mwamba, nambieni kweli: mlikula nini?

MzeeNgalawa
Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Sisi tulianza baada ya kuwaona wenzetu wa Kisiwa Panza. Usikubali mwamba wote ufungwe. Fungeni kipande, kilichobaki watu waendelee kutafuta riziki.

Pweza si kama samaki changu. Umri wake mwaka na kidogo tu, na anakua mbio. Huyo wako wa nusu kilo akiachwa miezi mitatu humjui tena. Na jike akitaga hutundika mayai kwenye dari ya pango, akakaa kuyalinda bila kula mpaka yaanguliwe, ndipo afe. Ukimchoma kabla ya hapo umepoteza mayai maelfu kwa maelfu.

Ugumu ni ulinzi. Bamvua linakauka mara mbili, mchana na usiku, na usiku watu huingia na taa. Wengine tuliowakamata walikuwa watoto wetu wenyewe. Semeni faini mapema, na iwe moja kwa wote.

Msafiri_Kojani
Miye naunga mkono kufunga, ila siku ya kufungua ndiyo inayonitia hofu. Habari hii ya kufunga ilianza Bukini (Madagaska), kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004, na pweza walirudi wakubwa. Lakini ukifungua, habari inafika kila kijiji. Niliona sehemu moja watu wamejaa, wanakanyaga matumbawe, wanapindua mawe na kuyaacha chali. Waliolala njaa miezi mitatu ni wenyeji, waliovuna ni wazamiaji wa kutoka mbali wenye miwani na vyuma. Mumewe dada yangu alirudi na ndoo tatu. Dada mwenyewe, aliyeacha kuvua miezi yote ile, alirudi na pweza mmoja.

MamaMwani (Jambiani)
Bi BintiPwani, huku kwetu mwani unakuwa tayari baada ya wiki sita hivi. Ukifunga kamba siku zile zile mwamba unapofungwa, utavuna kabla haujafunguliwa. Si hela nyingi, nisikudanganye. Mwani ni wa aina mbili: spinosamu inastahamili lakini bei yake ndogo. Kotonii ina bei, ila maji ya kina kifupi yakipata joto inaoza kambani. Wenzetu wengine wamehamia kina kirefu, na huko lazima ujue kuogelea au uwe na chombo.

BintiPwani
Ahsanteni. Maneno ya Msafiri yamenikesha. Nimekwenda kwa wenzangu nyumba kwa nyumba na tumekubaliana nitakavyosema. Kifungwe kipande cha kusini tu. Kisifungwe Januari, watoto wanaanza skuli, wala Ramadhani isituingilie katikati. Na siku ya kufungua iwe bamvua kubwa, mchana, maji yanapokauka saa nne asubuhi, na mpaka maji yaanze kujaa asiingie mzamiaji hata mmoja. Wakifungua maji mafu, mwamba hautoki majini na sisi tutabaki ufukweni tunatazama. Hilo silikubali, hata sheha aninunie.

Nitaomba na wanawake wawili waingie kwenye kamati, maana wanaojua pango lipi lina jike ni sisi.

MamaMwani, nina nafasi ya kamba kumi mbele ya mikoko. Mchanga wake mweupe, maji yakitoka yanabaki kufika magotini. Je, spinosamu itashika hapo, na mbegu nianze na kiasi gani?

MamaMwani
Itashika. Ila angalia mto usiwe karibu, maji ya mvua yasiyo na chumvi yanauua mwani. Anza na kamba tano.