Alama za vidole tulizotoa kwa ajili ya Ndaga Muntu (kitambulisho cha taifa cha Uganda): zitumike kusaka wezi?

Mwenye duka, Busia:
Ndugu zangu, hili limenikaa moyoni, naomba tulijadili. Tangu 2014 tumepanga foleni na kubonyeza vidole kwenye mashine ili tupate Ndaga Muntu. Sasa kila wizi ukitokea mtaani nasikia: "Polisi wachukue alama mlangoni, waitafute kwenye data ya NIRA (mamlaka inayotoa vitambulisho hivyo), mwizi apatikane jioni hiyo hiyo. Kidole hakidanganyi."

Mimi napinga, na wala sitetei wezi. Duka langu lilivunjwa mwaka juzi. Wapelelezi walipaka unga mweusi kwa brashi laini kwenye kabati la vioo, alama ikatokea safi kabisa, mistari yake imejikunja kama nyuzi za kikapu. Wakaibandua kwa selotepu. Ilikuwa ya kijana anayenisaidia dukani. Akalala mahabusu siku tatu, ingawa Katiba inasema afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kumbe yeye ndiye anayefuta vioo vile kila asubuhi! Kidole hakikudanganya, kweli aligusa. Hakikusema aligusa lini, wala kwa nini. Jasho na mafuta ya ngozi hukaa kwenye kioo siku nyingi, na hakuna kipimo cha kuaminika cha kujua umri wa alama.

Nakubali kwamba mistari ya vidole hujichora mtoto angali tumboni, na hata mapacha wanaofanana hutofautiana. Ila alama ya mahali pa tukio si ile uliyobonyeza taratibu mbele ya karani. Mara nyingi ni kipande, tena kimeburuzwa. Kompyuta hutoa orodha ya wanaokaribiana, halafu mtaalamu anakaa na lenzi kulinganisha mstari unaishia wapi, unagawanyika wapi. Huo ni uamuzi wa binadamu. Na kapu la data likiwa na mamilioni ya watu, wa kukaribiana hawakosekani.

Baada ya mabomu ya treni za Madrid mwaka 2004, alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya bomu ilitumwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. Kompyuta ikatoa majina 20, na wataalamu wakashikilia kuwa ni ya wakili mmoja wa Oregon, Brandon Mayfield. Akafungiwa wiki mbili. Polisi wa Hispania wakaja kusema ni ya Mwaljeria. FBI wakaomba radhi, na serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2. Kama wao wenye vifaa vyote wamekosea, mchuuzi wa Busia atajitetea vipi?

Afande mstaafu, Jinja:
Mama, pole sana kwa yaliyompata kijana wako. Mimi kazi hiyo nimeifanya. Kosa ni la mpelelezi aliyeshindwa kuuliza swali dogo tu: nani anafanya kazi hapa? Lakini fikiria maiti inayookotwa ziwani bila jina. Fikiria mwanamke aliyebakwa na mtu asiyemjua. Tukibaki na alama za waliowahi kukamatwa tu, mhalifu mpya hatumpati. Na kortini mtaalamu anatoa maoni tu, wakili ana nafasi ya kumhoji.

Mwenye duka, Busia:
Afande, la maiti nakubali, hapo hakuna wa kufungwa. La huyo mwanamke limeninyima usingizi, sitakuficha. Basi yawe makosa mazito tu, kwa kibali cha hakimu. Mtaalamu wa pili alinganishe bila kuambiwa wa kwanza amesema nini. Na mtu asifungwe kwa kidole peke yake. Unasema wakili atamhoji mtaalamu, lakini kijana wangu hela ya wakili angeitoa wapi? Hakuwa hata na nauli ya boda ya kurudi nyumbani alipoachiwa.

Amerudi dukani. Vioo sasa nafuta mimi, yeye hataki tena kuvigusa.

Wengine mnasemaje? Hasa mliowahi kushikwa kwa alama ya kidole, au mlioibiwa na mwizi hajapatikana hadi leo.