Matone yamefika mtaani (gumzo la ukoo, Sumbawanga)

Jumatano, 20 Septemba 2023

Mama Ayubu: Shikamooni wakubwa. Gari la matangazo limepita hapa mtaani. Kuanzia kesho hadi Jumapili wanapita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, watoto wote walio chini ya miaka 8. Sasa kuna ujumbe unazunguka eti matone yenyewe ndiyo yanaleta polio. Ni kweli au uzushi? Nina wawili humu ndani.

Baba Mdogo Festo: Uzushi huo mwanangu. Futa.

Shangazi Tabu: Marahaba mama. Festo, usimwambie afute. Kuna ukweli ndani yake, na afadhali ausikie kwangu kuliko kwa waliouandika. Ngoja niepue ugali niandike vizuri.

Mama Ayubu: Shangazi sasa umenitisha zaidi 😟

Joyce London: Hamjambo wa nyumbani. Huku mwaka jana virusi vya polio vilikutwa kwenye majitaka ya London, na vilitokana na chanjo ya matone. Watoto wa mwaka 1 hadi 9 wakaitwa kuongezewa dozi, lakini walichomwa SINDANO. Matone waliyaacha tangu 2004. Kwa nini sisi tupewe walichoacha wenzetu?

Baba Mdogo Festo: Hapo Joyce umeuliza.

Shangazi Tabu: Haya. Matone yana kirusi hai cha polio kilichodhoofishwa. Mtoto akimeza, kinakaa tumboni wiki kadhaa, mwili unajifunza kupambana nacho, kisha kinatoka kwa choo kikubwa. Mara chache mno kinamgeukia mtoto au mtu wa karibu yake na kumpooza. Kwa matone tuliyokuwa tukitoa miaka yote niliyokuwa kazini, hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni kama mtu 1 katika dozi milioni 2.7, na wengi wao ni katika dozi ya kwanza. Jambo hili lipo, sisi wauguzi tulifundishwa, na sioni sababu ya mzazi kufichwa.

Shangazi Tabu: La pili ndilo lililotufikisha hapa. Kirusi hicho kikitoka chooni kikakuta mtaa wenye watoto wengi wasiochanjwa na vyoo vibovu, kinahama mtoto kwa mtoto, na kila kikihama kinabadilika kidogo. Kikizunguka hivyo mwaka au zaidi kinaweza kurudia nguvu ya kupooza. Kikikuta watoto wamechanjwa kinakosa pa kwenda. Mwezi wa tatu Burundi walitangaza mlipuko, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30. Mtoto wao wa kwanza alikuwa na miaka 4, wilaya ya Isale. HAKUWA AMECHANJWA. Na hapa hapa Rukwa mwaka huu tumepata wetu.

Mama Ayubu: Kwa hiyo hata nikiwafungia ndani?

Shangazi Tabu: Utawafungia mpaka lini? Ayubu anachota maji bomba moja na watoto wa mtaa mzima.

Mama Ayubu: Lakini wote wamemeza matone kliniki, kadi zao zimejaa.

Shangazi Tabu: Vizuri sana, tunza kadi hizo. Ila polio ina aina tatu. Aina ya 2 ya asili ilionekana mara ya mwisho 1999, ndipo Aprili 2016 dunia nzima ikaiondoa kwenye matone ya kliniki, kusudi yasiendelee kuleta hii polio ya kugeuka. Nia ilikuwa njema. Lakini mabaki yake yalikuwa bado yanazunguka, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawana kinga ya tumbo dhidi yake. Piga hesabu kutoka 2016 uone kwa nini wanatafutwa walio chini ya miaka 8. Mimi naona uamuzi ule uliacha tundu, na watoto wa Kongo, Burundi na wetu ndio wanaolilipia.

Baba Mdogo Festo: Dada, hizo milioni ngapi ngapi ni hesabu za serikali. Huyu ana mtoto wa miezi mitano mgongoni. Akiwa yeye ndiye huyo mmoja, nani atakuja kumlea? Waziri?

Shangazi Tabu: Festo, kwa hilo sina jibu la kukuridhisha. Mtoto akipooza kwa chanjo tuliyompa sisi, tunamdai nani? Sisi ndio tunaodaiwa, maisha yake yote, na hilo lingepaswa kusemwa kwenye kile kipaza sauti. Lakini usipime upande mmoja tu. Polio ya asili ikiingia, katika kila watoto 200 wanaoambukizwa mmoja anapooza asipone tena. Katika kila 100 waliopooza, 5 hadi 10 wanakufa, misuli ya kupumua ikigoma. Na hii ya kugeuka inapooza vilevile.

Mjomba Kaluwa: Nilikuwa nasoma tu. Mimi ilinikuta na miaka mitatu, kijijini kwetu chanjo ilikuwa haijafika. Mguu wa kushoto navaa 37, wa kulia 41. Kila nikitaka viatu nanunua jozi mbili, moja moja inabaki haina wa kuivaa. Halafu fundi ananiongezea soli ya kushoto, vidole vinne. Mama Ayubu sikutishi, mwanangu. Ila wanaosema polio ni maneno ya vitabuni waje niwaonyeshe kabati langu.

Baba Mdogo Festo: Pole shemeji. Nimekuelewa.

Joyce London: Pole sana mjomba. Shangazi, na sindano je?

Shangazi Tabu: Sindano ina kirusi kilichouawa, haiwezi kuleta polio hata kidogo. Watoto wetu wanachomwa moja wakiwa na wiki 14. Inamkinga mtoto asipooze, lakini tumboni kirusi kinaweza kuishi na kutoka kikawapata wengine. London choo kinavutwa na majitaka yanasafishwa. Huku mvua ikinyesha unajua yanakoishia. Hata Israel, wanaochoma sindano, mwaka 2013 polio ya asili ilizunguka kwenye majitaka yao, wakaamua kuwapa watoto matone.

Joyce London: Hiyo ya Israel sikuijua. Bado nasema watoto wa nyumbani wanastahili sindano zaidi ya moja.

Shangazi Tabu: Hapo niko na wewe kabisa. Tuidai. Lakini mlipuko hausubiri tudai.

Shangazi Tabu: Na haya ya kesho siyo yale ya zamani. Yametengenezwa kirusi kisigeuke kwa urahisi, yameanza kutumika Machi 2021. Hadi mwezi wa tatu mwaka huu zilishatolewa karibu dozi milioni 600, nchi 28. Ndipo yakakutwa yamegeuka kwa watoto 7 waliopooza, 6 Kongo na yule wa Burundi. Sikwambii haiwezekani. Nakwambia ni mara chache zaidi.

Mama Ayubu: Mdogo ana mafua na joto kidogo. Wakija?

Shangazi Tabu: Mafua hayazuii. Angekuwa hoi, au mwenye tatizo la kinga la kuzaliwa, ningesema kituoni kwanza. Omba uone kichupa: kuna duara, ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukilingana na duara au kuwa mweusi zaidi, kataa. Matone mawili, kisha wanapaka wino kidoleni. Na mtoto yeyote hapo mtaani akilegea mguu au mkono ghafla, toa taarifa kituoni siku hiyo hiyo, choo chake kinatakiwa kupimwa mapema.

Alhamisi, 21 Septemba 2023

Mama Ayubu: Wako nyumba ya tatu kutoka hapa. Baba Ayubu yuko safarini, anasema tusubiri arudi Jumamosi.

Baba Mdogo Festo: Nampigia mimi sasa hivi.

Mama Ayubu: Kwa Ayubu amekubali. Kwa mdogo anataka kuongea na shangazi kwanza. Yuko hewani.

Shangazi Tabu: Mwambie asikate, napiga. Wewe waombe wale vijana wakae kidogo, wape maji ya kunywa.