Watoto wawili wote sikoseli, mbona mmoja anaumwa kuliko mwenzie?

MamaWawili: Habarini wapendwa, naombeni mnieleweshe. Wanangu wote wawili ni SS, yaani wana sikoseli yenyewe, baba mmoja mama mmoja, wanalala chandarua kimoja. Mkubwa ana miaka 9, tangu anatambaa vidole vilikuwa vinamvimba hadi hawezi kushika kijiko, na hadi leo usiku wa baridi anaamka kashika magoti analia namkanda na maji ya moto mpaka alfajiri. Mdogo wake wa miaka 6 anacheza mpira siku nzima, hajalazwa hata mara moja. Majirani wanasema nampendelea mdogo, inaniuma jamani. Ugonjwa si ni ule ule?

FundiMaabara: Pole sana dada, hujampendelea mtu. Jeni ya sikoseli ndiyo hiyo hiyo, iko kromosomu 11, wote wameichukua kwako na kwa baba yao, ila haifanyi kazi peke yake. Kuna nyingine inaitwa BCL11A, iko kromosomu 2, yenyewe kazi yake ni kuzima hemoglobini ya kichanga, ile F, mtoto akishazaliwa. Sasa kuna watu kwao haizimi vizuri, F inabaki nyingi, na ikiwa nyingi inazuia zile hemoglobini za sikoseli, S, zisishikane kuwa vijiti vinavyoikunja seli. Yawezekana kabisa mdogo ndo kapata hiyo na mkubwa kakosa, kila mtoto anachota chake. Dawa ya haidroksiurea nayo inasaidia hapo hapo, inapandisha F.

Mpwani: Naongezea, msisahau thalasemia ya alfa, hali ya kurithi ambapo mwili unatengeneza pungufu sehemu moja ya hemoglobini, huku Pwani wengi tunayo na hatujijui. Mwenye SS akiwa nayo damu haivunjiki sana na hatari ya kiharusi inashuka, ila maumivu ya mifupa hayaondoki, wengine yanazidi. Na kuna utafiti wa Kilifi ulitoka 2005 mpaka leo unanishangaza: mwenye AS, yaani aliyerithi jeni ya sikoseli kwa mzazi mmoja tu, anakingwa dhidi ya malaria kali, mwenye thalasemia ya alfa naye anakingwa, lakini aliyerithi vyote viwili ile kinga inapotea karibu yote! Yaani zinafutana.

MamaWawili: Asanteni mno, nimesoma huku nalia. Kwa hiyo nikaombe kipimo cha F kwa wote?

FundiMaabara: Eeh kwa wote, na mkubwa uulizie haidroksiurea kama hajaanza. Mdogo naye kliniki asikose, hata kama anacheza mpira.

MamaWawili: Kliniki yetu Alhamisi, nawapeleka wote.