Eti prosesa ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya kalkuleta?

mdadisi_moro: Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa kazini kakomaa kwamba kompyuta zote mpaka hizi simu zetu zimetokana na kalkuleta, mi navyojua kompyuta zilianza kipindi cha vita kuu, yale madude ya kujaza chumba kizima, kalkuleta za mkononi zikaja baadaye sana. Nani yuko sahihi? Anayejua anieleweshe taratibu maana tumebishana mpaka basi.

fundi_saketi: Mkuu jamaa yako hajatoka nje sana. Mwaka 1969 kampuni ya Japan inaitwa Busicom ilienda Intel kuagiza chipu za kalkuleta za mezani, na Intel enzi hizo ni kampuni changa, kazi yao memori. Wajapani walikuja na mpango wa chipu kama dazeni hivi, kila moja na kazi yake. Ted Hoff, mhandisi wa Intel, akaona huo mzigo ni mkubwa mno, akapendekeza prosesa moja tu inayofuata maagizo, na maagizo yenyewe yakae kwenye chipu ya memori pembeni, yaani ukitaka iwe kalkuleta unaiwekea programu ya kalkuleta. Ikatoka seti ya chipu nne, mojawapo ndo Intel 4004, transista (viswichi vidogo vya umeme) 2,300, ikatangazwa Novemba 1971, prosesa ya kwanza ya chipu moja kuuzwa sokoni kwa yeyote. Waliohangaika mpaka ikafanya kazi ni Federico Faggin wa Intel na Masatoshi Shima wa Busicom, na huyu Shima watu wanamruka sana, inaniuma kwa kweli. Halafu haki zilikuwa za Busicom peke yao, Intel ikabidi wawarudishie dola 60,000 ndo waruhusiwe kuuzia wengine.

mwl_hesabu: Asante fundi, ila tusimpe Hoff sifa ya wazo zima. Pascal alipoanza ile mashine yake 1642 ili kumsaidia baba yake na hesabu za kodi kule Rouen, magurudumu yenyewe ndo hesabu, inajumlisha inatoa, basi. Miaka ya 1830 Charles Babbage ndo akawaza mashine inayopewa kazi kwa kadi zenye matundu, kaziiga kwenye mitambo ya Jacquard ya kufuma vitambaa, ukibadilisha kadi mashine ileile inafanya hesabu nyingine kabisa. Amekufa haijakamilika. Lakini Ada Lovelace mwaka 1843 alishaandika hatua za kukokotoa namba za Bernoulli kwa mashine ambayo haipo, akaona mpaka kwamba inaweza kushughulika na muziki! Hiyo ni zaidi ya miaka 120 kabla ya 4004.

mdadisi_moro: Nimekupata mwalimu. Sasa ENIAC, lile dude la kujaza chumba la enzi za vita, nayo ilikuwa na programu au ni kalkuleta kubwa tu?

mwl_hesabu: Katikati hapo. Valvu (vile vichupa vya kioo vilivyotumika kabla ya transista) karibu 18,000, uzito tani 30, kasi yake kwa wakati ule ilikuwa ya kutisha, lakini ukitaka kubadilisha kazi unachomoa na kuchomeka nyaya na kuzungusha swichi, inaweza kukuchukua siku kadhaa. Walioipangia kazi ni wanawake sita, kina Kay McNulty na Jean Jennings, na miaka mingi hakuna aliyewataja. Mashine ya kielektroniki kuendesha programu iliyoko ndani ya memori yake yenyewe, hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, 21 Juni 1948. Kwa hiyo kipya mwaka 1971 ni kuibana prosesa nzima kwenye kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, wazo lilikuwepo.

silikoni_kavu: Naongezea kuhusu ukoo maana hapo ndo jamaa anateleza. Hata PC damu yake haitoki 4004 moja kwa moja. Prosesa ya Intel iitwayo 8008, ya 1972, ilichorwa kufuata kompyuta ya Datapoint 2200 ya kampuni moja ya Texas, wenyewe wakaiacha, Intel wakaiuza, ikaja 8080, ikaja 8086, na IBM PC ya 1981 ilitumia 8088 ambayo ni ndugu yake. Simu ndo mbali zaidi, karibu zote zinatumia prosesa za aina ya ARM, na hiyo ilianzia kampuni ya Acorn, Cambridge, Uingereza, Sophie Wilson na Steve Furber, chipu ya kwanza ikawaka Aprili 1985. Walikuwa wanatafuta prosesa ya kompyuta za mezani, wakakuta inakula umeme kidogo ajabu, ndo maana baadaye ikafaa kwenye vitu vya betri.